Ukishusha Gari, Panga Upya Magurudumu (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulizungumzia springi. Tuliona kwamba fundi akikata mzunguko mmoja kwenye springi yenye mizunguko mitano inayofanya kazi, hapunguzi urefu tu, anaiongezea ugumu kwa robo nzima. Tuliona pia kwamba anayeichoma kwa moto wa gesi ili inywee anakiua chuma chenyewe. Leo tushuke zaidi, hadi pale mpira unapokutana na lami. Huku Pwani Kusini, kuanzia Likoni hadi Lunga Lunga, wengi wanaoshusha magari hudhani kazi imekwisha gari linapokaa chini na kupendeza. Hapo kazi imefika nusu.

Siku moja katika gereji ya Ukunda niliinama kutazama tairi la mbele la Vitz iliyoshushwa. Bega la nje lilikuwa na meno mazima, lakini la ndani lilikuwa na upara na nyuzi za chuma zinachungulia. Mwenyewe hakuwa na habari, kwa kuwa anayesimama kando ya gari halioni bega la ndani. "Mbona tairi hili nimelinunua juzi tu, mzee?" akauliza. Nikamwomba apitishe kiganja juu ya meno yaliyobaki, kutoka upande mmoja hadi wa pili, kisha arudi. Kwenda kulikuwa laini, kurudi kukamkwaruza. Mvuvi wa Gazi au Msambweni angeijua hali hiyo mara moja: ndiyo ngozi ya papa, ukiipapasa kuelekea mkiani inateleza, ukigeuza inakuchuna. Tairi lenye ngozi ya papa limekuwa likiburutwa kando huku linazunguka.

Kwa nini? Magari mengi madogo tunayoendesha hutumia mbele muundo uliobuniwa na mhandisi Mmarekani Earle MacPherson katika miaka ya 1940. Shoki na springi husimama pamoja kama nguzo. Juu nguzo imefungwa kwenye bodi, chini imeshikana na mkono wa chuma unaopanda na kushuka. Bodi ikishushwa, ule mkono uliokuwa umeinama kuelekea chini hunyooka, na katika kunyooka husukuma sehemu ya chini ya gurudumu nje. Kichwa cha gurudumu kimezuiwa na nguzo, kwa hiyo kinalala ndani, na gari linasimama limetagaa. Ulalo huo mafundi huuita kemba. Gari likishushwa kupita kiasi, mkono huvuka usawa na kuelekea juu, na hapo faida ya kushusha gari inaanza kuyeyuka, kwa kuwa nguvu inayoilaza bodi kwenye kona huongezeka.

Kemba hulaumiwa sana, lakini mla tairi mkubwa ni ndugu yake, too, yaani uelekeo wa nyayo za magurudumu yakitazamwa kutoka juu. Tairodi inayotoka kwenye stelingi na ule mkono wa chini havina urefu mmoja wala havining'inii mahali pamoja, kwa hiyo kila kimoja huchora tao lake gari linaposhuka. Matao yasipolingana, gurudumu hugeuzwa kidogo ndani au nje, hata kama dereva hajagusa usukani.

Tupige hesabu. Chukua tairi lenye kipenyo cha sentimita 60 lililokosea milimita 1.5 tu kati ya ukingo wa mbele na wa nyuma. Kwa kila kilomita moja, tairi hilo husuguliwa kando mita 2 na nusu. Kutoka Likoni hadi Ukunda ni kama kilomita 30. Ukifika, mpira umeburutwa mita 75 juu ya lami ya moto. Kesho unarudi.

Sasa namna ya kupanga. Kwanza, usipeleke gari kwenye mashine ya alaimenti likiwa na viungo vilivyolegea. Sheria ya Kenya huruhusu kuingizwa gari lisilozidi miaka 8, maana yake bushi nyingi zimeshafanya kazi miaka kadhaa Japani kabla ya kuonja chumvi ya hewa yetu. Piga jeki, shika gurudumu juu na chini ulitikise, kisha kulia na kushoto. Likicheza juu na chini, shuku bolijointi au bearingi. Likicheza kulia na kushoto, shuku tairodi.

Pili, boliti za bushi zikazwe mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa kwenye jeki, mpira wa bushi hukaa umesokotwa siku zote, hupasuka mapema, na gari halikai kwenye kimo chake cha kweli.

Tatu, jaza upepo sawa na utangulie kupima nyuma. Nyuma ya Vitz ni boriti moja isiyo na boliti ya kurekebishia. Ikiwa imepinda, ijulikane kabla ya kugusa mbele. Kisha ipangwe kemba. Subaru Impreza ina boliti ya kuigeuza juu ya kitovu cha mbele. Vitz huhitaji kununuliwa boliti maalumu. Too huwa ya mwisho, usukani ukiwa umefungwa katikati.

Asiye na mashine karibu anaweza kujikagua kwa mshipi wa kuvulia. Aunyooshe kando zote mbili za gari, umbali wake hadi vitovu vya mbele ulingane kushoto na kulia, na wa nyuma vivyo hivyo, kisha apime hadi ukingo wa mbele na wa nyuma wa rimu. Kwa kemba, aning'inize chubwi kando ya uso wa nje wa gurudumu, apime hadi ukingo wa juu na wa chini wa rimu: kwenye rimu ya inchi 15, digrii moja ni tofauti ya kama milimita 6 na nusu. Kipimo hiki hakishindi mashine, lakini kinafichua kosa kabla halijala tairi.

Je, tushuke kiasi gani? Mimi nasema sentimita 2 hadi 3, zilizopimwa kutoka kitovu hadi ukingo wa bodi, abiria wakiwa ndani. Bamvua hapa hupandisha na kupwesha maji mita 3 na ushei, na maji yakipwa mteremko wa kuingilia feri ya Likoni huwa mkali. Bado kuna matuta ya Ukunda na changarawe ya Kinango. Gari lisiloweza kuvuka hayo likiwa na watu wake limeshushwa kwa ajili ya macho tu.

Yule mwenye Vitz alibadilisha tairodi moja, akapanga too, akanunua tairi jingine. Nilimwachia agizo moja, nanyi nawaachia hilo hilo: baada ya kilomita 1,000, inama upapase bega la ndani kwa kiganja, kwenda na kurudi.

Itaendelea juma lijalo: kuchagua shoki zinazoendana na springi fupi.