Ticha wa Kompyuta Ndiye Mume Wangu

Mashosti zangu tukikutana, haipiti nusu saa kabla ya mada kufika kwa waume. Wa huyu yuko bandarini, wa yule yuko benki, mwingine anaagiza magari Japani. Zamu yangu ikifika nasema, "Wa kwangu mwalimu." Kimya. Halafu atajitokeza mmoja: "Wa chuo?" Hapana shosti, wa sekondari, shule ya kata, kidato cha kwanza na cha pili. Anafundisha kompyuta. Hapo utasikia mtu anauliza bei ya vitenge.

Najua tupo wengi. Mwenzi wako anaipenda kazi yake kufa mtu, ila mwisho wa mwezi kazi yenyewe haikupendi wewe. Kisha siku moja inaingia ofa. Kwetu iliingia mwezi wa tatu: kampuni moja ya kufunga mitandao maofisini ilimtaka mume wangu kwa mshahara mara mbili na nusu ya anaopata, pamoja na gari la kazi. Tuna mtoto wa miaka miwili, tumepanga chumba na sebule, na kuna kiwanja tumelipia nusu ambacho mwenyewe anapiga simu kila tarehe 28. Wewe ungemwambiaje?

Mama mkwe alishasema lake: "Mwanangu, kompyuta si zilezile? Kafundishe za wenye hela." Mimi nilimwomba kitu kimoja tu. Kabla hatujaamua, nikaione hiyo kazi inayomrudisha nyumbani saa mbili usiku akiwa na chaki kwenye suruali. Nilikuwa na siku za likizo pale ofisini kwetu, akaniambia njoo Jumatano.

Watoto 52, kompyuta 9

Chumba kina nondo madirishani na kufuli mbili mlangoni. Ndani kuna kompyuta za mezani 12, zinazowaka 9, zote mitumba. Mkondo wa Kidato cha Kwanza B una watoto 52. Piga hesabu mwenyewe, ni karibu watoto sita kwa kila mashine, na kipindi ni dakika 80 ukiunganisha viwili. Kama umeme haujakatika.

"Shikamoo madam!" wakanipokea wote kwa pamoja. Nikakaa nyuma na daftari langu kama mkaguzi.

Nilidhani wataanza kubonyeza. Wapi! Mume wangu aliwatoa mbele watoto watano, akampa kila mmoja kadi ya manila yenye vidoti: 16, 8, 4, 2 na 1. Kadi ikionyeshwa ni moja, ikigeuzwa ni sifuri. Akawaambia watengeneze 9. Wakabishana pale, mwenye 8 na mwenye 1 wakaonyesha kadi, wengine wakageuza. Wakatengeneza 13, wakatengeneza 31 ambayo kadi zote huwa wazi. Hivyo ndivyo kompyuta inavyohesabu, kwa ndiyo na hapana tu, na watoto waliielewa bila kugusa waya. Mchezo huo unatoka New Zealand, kwa Profesa Tim Bell na wenzake walioandaa miaka ya 1990 mazoezi ya kufundisha kompyuta bila kompyuta. Nchi ambayo mashine si shida kwao, ndiyo iliyotutengenezea somo la wasio na mashine.

Halafu akasema, "Sasa nataka 22." Wakaonyesha 16, 4 na 2. Akanitazama kule nyuma. Tarehe 22 ndiyo tuliyofunga ndoa. Watoto hawakujua kitu, mimi nikainamia daftari.

Nani kashika kipanya?

Walipokaa kwenye mashine ndipo nilipoona kazi ilipo. Kila kundi lina mvulana mmoja aliyeshika kipanya, na wasichana wawili wamesimama nyuma wakiangalia kama wanasubiri daladala. Hakuna aliyewafukuza, imetokea tu. Mume wangu ana saa ya jikoni ile ya kengele. Kila dakika 10 inalia, aliyeshika anaachia, na anayefuata lazima awe ambaye hajashika. Binti mmoja aliposhika kwa mara ya kwanza alikikamata kipanya kwa nguvu kama pasi ya mkaa. Kengele ya pili ilipolia hakutaka kuachia.

Hili la wasichana wapo walioliona zamani. Mwaka 2013 Carolyne Ekyarisiima alianzisha Apps and Girls hapa Tanzania, kuwafundisha wasichana kuandika programu. Na yule Miss Tanzania wetu wa 2004, Faraja Kotta, mwaka huohuo wa 2013 alianzisha Shule Direct, inayoweka masomo ya sekondari mtandaoni. Wengi tunamkumbuka kwa taji, lakini mume wangu anamkumbuka kwa notsi za kidato cha pili.

Kuna jambo lingine ambalo wazazi wa siku hizi hatuliamini. Tunasema watoto wetu wamezaliwa na simu mkononi, kompyuta wanaijua tayari. Si kweli. Niliona mtoto anayehariri video kwenye simu ya dada yake vizuri kuliko wapiga picha wa harusi yangu, lakini alipoambiwa ahifadhi kazi yake kwenye folda akaipate wiki ijayo, aliduwaa. Simu inamfichia kila kitu. Hajui faili linakaa wapi, hajui kwa nini linapotea. Kuandika barua kwa vidole kumi, kupanga hesabu za duka kwenye jedwali, kupima kama habari ni ya kweli, hayo hayaji kwa kutelezesha kidole kwenye kioo.

Na lugha! Watoto hawa miaka yote ya msingi wamesoma kwa Kiswahili, sasa wanaingia kidato cha kwanza na kila kitu ni Kiingereza, pamoja na menyu za mashine. Mume wangu anafundisha kwa Kiingereza kama mtaala unavyotaka, kisha anarudia kwa Kiswahili pale anapoona macho yamelala. Alipotamka "kipanya" kwa mara ya kwanza darasa zima lilicheka, wengine wamesikia kwa kaka zao habari za zile Hiace za zamani za Dar. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili, tena za bure. Zaidi ya miaka 20 imepita. Mashine za pale shuleni zinatumia LibreOffice, ambayo ilichipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, kwa sababu haidai leseni. Ila menyu ni za Kiingereza, maana mtihani ni wa Kiingereza. Mimi naona ni mzigo mara mbili kwa mtoto wa miaka 14, na sijamsikia mtu akinieleza vinginevyo nikaridhika.

"Ile hela itume kwenye namba hii"

Mchana waliingia Kidato cha Pili. Siku hiyo walisoma usalama. Mume wangu aliandika ubaoni meseji ambayo kila Mtanzania mwenye simu ameshaipata: ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja la fulani. Akauliza nani kaiona. Mikono yote juu. Wakaichambua neno kwa neno. Kwa nini hajakutaja jina? Kwa nini anakuharakisha? Kwa nini ametuma mwisho wa mwezi?

Kijana mmoja akasimama akasimulia kwamba mama yake anauza chakula cha mchana, na wiki hiyohiyo ilikuwa zamu yake ya kupeleka pesa ya mchezo. Meseji ikaingia, mama akadhani ni kijumbe. Alishaandika namba na kiasi, 300,000, amebakiza namba ya siri. Mtoto akamwambia, mama, mpigie kwanza kijumbe. Kijumbe hakuwa ametuma chochote. Laki tatu za mama lishe hizo, unajua ni siku ngapi za kuamka saa kumi?

Ikafuata ya wasichana. Wanatafutwa na watu wasiowajua, wanaombwa picha. Hapo mume wangu alimwachia mwalimu wa malezi, mama mtu mzima, aongee nao upande wa pili wa darasa, yeye akabaki na wavulana. Kwao alikuwa mkali: picha ya mwenzako uliyotumiwa ukiisambaza, usidhani ni utani, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu mwaka 2015. Tangu 2022 kuna na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hawakucheka.

Turudi kwenye ofa

Usiku ule tuliongea mpaka mtoto akalala peke yake kwenye kochi. Nilimwambia ukweli wangu: nimeona, nimejivunia, na kiwanja bado kinadaiwa. Mapenzi hayalipi salio. Yeye naye akaniambia lake: Kidato cha Pili wana upimaji wa kitaifa Novemba, na mwalimu mwingine wa kompyuta pale shuleni hakuna. Akiondoka mwezi wa nne, chumba kinafungwa zile kufuli mbili na funguo zinakaa kwa mkuu.

Hatukukubaliana siku hiyo. Wala kesho yake. Siku ya tatu tukachukua karatasi, tukaandika kila shilingi inayoingia na kutoka, kwenye jedwali, alinifundisha na mimi. Tukagundua tunaweza kumalizia kiwanja kwa miezi 14 badala ya 6, kama Jumamosi atafunga mitandao kwa vibarua na mimi nikiacha kuchangia kila kitchen party ninayoalikwa. Mwenye kiwanja alinung'unika, akakubali kwa maandishi. Kampuni ile tuliijibu kwamba hapana, labda Januari. Wakasema Januari hawaahidi.

Mama mkwe hajaongea nami vizuri tangu hapo, anaamini ni mimi niliyemzuia mwanawe. Mume wangu amejaribu kumweleza mara mbili. Na mashosti zangu nimeshawaambia wakome kuuliza chuo gani.

Zile mashine tatu zilizolala, mbili tatizo ni betri ndogo ya saa kwenye bodi, ya bei ya soda chache tu. Kesho nikitoka kazini napitia Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Amesema nichukue nne, maana za mitumba nyingine hufa kabla ya kufika shuleni.