KAZI YA UX: NI KAZI GANI, NA MTU ALIYE KAMBINI ATAIANZAJE?

Vijana wengi waliomaliza sekondari wanatuuliza kuhusu kazi inayoandikwa UX katika matangazo ya intaneti. Wengine wanadhani ni kazi ya kuchora tu. Wengine wanadhani ni lazima uwe na digrii na ukae Kampala au Nairobi. Katika toleo hili tunaeleza kazi hiyo ni nini, inahitaji nini, na mtu aliye hapa Nakivale mwenye simu moja aianze vipi. Tunaeleza na magumu yake, ili asiwepo mtu atakayeuza mgao wake wa chakula kulipia mafunzo ya uongo.

UX NI NINI?

Herufi hizo mbili ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayohusu yale yote yanayomkuta mtumiaji wa chombo fulani: anakielewa au hakielewi, anamaliza haja yake au anakwama njiani, anaondoka ameridhika au amechoka. Jina hilo lilianza kujulikana mwaka 1993, pale Mmarekani Donald Norman alipojiunga na kampuni ya Apple na kulitumia katika cheo chake cha kazi.

Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1988, Norman alikuwa ameandika kitabu kuhusu vitu vya kila siku, kama vile milango. Mlango wenye mpini unakuambia: nivute. Kama mlango huo ni wa kusukuma, kila anayefika atauvuta kwanza. Je, kosa ni la watu wote hao? Hapana. Kosa ni la fundi aliyeweka mpini mahali pasipo pake. Hilo ndilo fundisho la kwanza la kazi hii: mtu akishindwa kutumia chombo, kichunguze chombo kabla ya kumlaumu mtu.

Sasa tuangalie simu. Mama anataka kumtumia mwanawe aliye Mbarara pesa. Anabonyeza *165#, menyu inatokea, anaanza kusoma polepole kwa sababu lugha ile si yake. Kabla hajamaliza, menyu inajifunga yenyewe. Anaanza upya. Mara ya tatu anachoka, anampa kijana aliye karibu simu yake pamoja na namba yake ya siri. Pengine kijana yule ni mwaminifu, pengine siye. Lakini kuanzia hapo usalama wa pesa za mama hauko tena mikononi mwake. Watu watasema mama hajasoma. Mfanyakazi wa UX atauliza: menyu hii iliandikwa kwa ajili ya nani?

Tuseme pia mazuri. Unapotuma pesa kwa simu, unaonyeshwa jina la mpokeaji kabla ya kuingiza namba ya siri. Mstari ule mmoja unawaokoa watu wengi wasipeleke pesa kwa namba ya mgeni. Kuna mtu alikaa, akafikiri kosa gani linaweza kutokea, akaweka mstari huo. Hiyo ndiyo kazi tunayoizungumzia.

ANAYEIFANYA HUFANYA NINI KILA SIKU?

Kazi ina sehemu nne.

Kwanza, anawasikiliza na kuwatazama watumiaji. Anauliza wanataka kufanya nini, na wanakwama wapi.

Pili, anapanga. Anachora kwenye karatasi kila ukurasa: nini kije kwanza, kitufe kikae wapi, maneno gani yatumike.

Tatu, anajenga. Hapa ndipo kodi inapoandikwa. Wapo wanaopanga tu bila kujenga. Anayefanya yote mawili ndiye anayeitwa mjenzi wa UX, na ndiye tunayemlenga katika makala hii.

Nne, anajaribu kazi yake kwa watu halisi, anarekebisha, anajaribu tena.

Kujenga kurasa za intaneti kunahitaji lugha tatu za kompyuta. Zifananishe na nyumba. HTML ni kuta na vyumba. Ilianzishwa na Mwingereza Tim Berners-Lee alipokuwa kwenye kituo cha utafiti cha CERN, Geneva, mwanzoni mwa miaka ya 1990. CSS ni plasta, rangi na mpangilio. Ilipendekezwa mwaka 1994 na Mnorwe Håkon Wium Lie. JavaScript ni kama umeme ndani ya nyumba: ukibonyeza swichi, kitu kinafanyika. Iliandikwa na Brendan Eich mwaka 1995. Lugha zote tatu zinatumika hadi leo duniani kote, na hakuna anayelipia kuzitumia.

KWA NINI SISI TUNAIFAA KAZI HII?

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kurasa nyingi hutengenezwa na watu wenye simu mpya, umeme wa saa zote na intaneti ya haraka. Sisi tunajua kusoma kioo kilichopasuka juani. Tunajua simu moja inayotumiwa na watu watano. Tunajua bando linaloisha katikati ya fomu. Tunaishi na Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, na tunajua neno moja linavyoweza kueleweka kwa njia tatu. Ujuzi huu ni sehemu ya kazi yenyewe, na mwenzako aliye mjini inabidi asafiri ili aupate.

HATUA ZA KUANZA

1. Anza na karatasi. Usingoje kompyuta. Chukua fomu moja au menyu moja inayowasumbua watu. Chora kila ukurasa wake kwenye kipande cha karatasi chenye ukubwa wa simu. Kisha chora namna wewe ungeipanga. Kumbuka kwamba menyu za aina ya *165# hazizidi herufi 182 kwa ukurasa, pamoja na nafasi. Jaribu kuandika maagizo ya Kiswahili yanayotosha hapo. Utaona kazi ya kuchagua maneno ilivyo ngumu.

2. Jaribu kwa watu 5. Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo haya, alieleza mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kukuonyesha sehemu kubwa ya makosa, na kwamba ni afadhali kujaribu mara nyingi kwa watu wachache kuliko mara moja kwa wengi. Chagua mzee, mama, kijana, mtu asiyesoma vizuri na mtu wa lugha nyingine. Mpe kila mmoja kazi, kwa mfano: “Tuma shilingi 5,000 kwa namba hii.” Halafu nyamaza. Usimwonyeshe, usimcheke, usijitetee. Andika pale kidole kinaposita. Omba ruhusa kwanza, tumia namba za kubuni, na usimwombe mtu hata siku moja namba yake ya siri wala namba ya kadi yake ya ukimbizi.

3. Jifunze HTML na CSS. Mafunzo ya bure yapo, kama yale ya freeCodeCamp yaliyoanza mwaka 2014. Yako kwa Kiingereza zaidi, kwa hiyo boresha Kiingereza chako huku ukijifunza. Zipo programu za kuandikia kodi kwenye simu za Android, ingawa kuandika kwa kidole kunachosha. Wengi huandika kodi kwenye daftari mchana, kisha wanaiingiza wanapopata zamu ya kompyuta. Saa moja kila siku inafaa kuliko saa saba za siku moja, kwa sababu ujuzi huu husahaulika upesi.

4. Ongeza JavaScript baada ya kuweza kutengeneza ukurasa mzima bila kunakili. Usiruke hatua. Anayeanza na JavaScript kabla ya HTML anajenga paa kabla ya kuta.

5. Tafuta kazi iliyo karibu nawe. Mashirika mengi hukusanya maoni kwa fomu za KoboToolbox, ambazo hufanya kazi kwenye simu hata pasipo mtandao. Fomu hizo zinahitaji mtu wa kupanga maswali kwa utaratibu na kuyaandika kwa Kiswahili kinachoeleweka. Swali likiandikwa vibaya, jibu huwa baya, na familia inaweza kukosa msaada uliokuwa haki yake. Ukiwa mhojaji au mkalimani, andika maswali yaliyowachanganya watu, kisha mpelekee msimamizi pamoja na pendekezo lako. Hiyo tayari ni kazi ya UX.

6. Weka kazi zako mahali zinapoonekana. GitHub inakuruhusu kuweka kurasa zako kwenye intaneti bila malipo. Kazi tatu zinatosha kuanzia. Kwa kila moja eleza: tatizo lilikuwa nini, uliona nini ulipowatazama watu, ulibadilisha nini, na baada ya hapo ikawaje. Mwajiri atavutwa na maelezo hayo kuliko rangi nzuri.

MAMBO MANNE YA KUPIMA KATIKA KILA UKURASA

Kitufe: kiwe na upana na urefu wa milimita 9 hivi. Kikiwa kidogo, mkono uliochoka utabonyeza kingine.

Rangi: maandishi ya kijivu juu ya nyeupe hayasomeki juani. Kanuni za kimataifa zinataka tofauti ya angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake. Zipo kurasa za bure za kukupimia hilo.

Uzito: ukurasa wenye picha za MB 3 utafunguka mara 33 tu kwa bando la MB 100. Ukurasa huo ukipunguzwa hadi KB 150, utafunguka zaidi ya mara 600. Punguza picha kabla ya kuziweka.

Lugha: kama ukurasa ni wa Kiswahili, andika lang="sw" mwanzoni mwa HTML. Programu zinazowasomea vipofu kwa sauti hutegemea alama hiyo ili kujua ni lugha gani. Kila picha yenye maana iwe na maelezo yake kwa maandishi, ili nao waipate.

MAGUMU YAKE

Hatutaki kukudanganya. Mtu anayejifunza kwa zamu za kompyuta na sola asitegemee ajira baada ya miezi mitatu. Pia, tangu mwisho wa mwaka 2022 zimeenea programu za akili bandia, kama ChatGPT, zinazoandika kodi kwa haraka. Kazi ndogo ndogo walizokuwa wakipewa wanaoanza zimeguswa. Zitumie programu hizo zikueleze usichokielewa, lakini soma kila mstari zinaokuandikia. Programu hizo hazijakaa karibu na mama yule kuona kidole chake kiliposita. Wewe unaweza kukaa, na hapo ndipo thamani yako ilipo.

Kuhusu sheria, Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi. Tangu mwaka 2019 mkimbizi anaweza pia kusajili laini ya simu kwa kadi yake ya ukimbizi au barua yake ya utambulisho. Hata hivyo, baadhi ya kampuni za kazi za intaneti hazizitambui kadi zetu. Kabla ya kuanza kazi yoyote uliza mambo matatu: nitalipwa kiasi gani, lini, na kwa njia ipi inayofika Nakivale? Majibu yawe ya maandishi.

JIHADHARI NA MATAPELI

Anayekuambia ulipe kwanza ndipo upewe kazi, ni tapeli. Anayetaka kukodi akaunti yako au kitambulisho chako afanye kazi kwa jina lako, anakuingiza katika kesi. Anayekuahidi kwamba kozi ya UX itakupeleka Kanada au Marekani, mkimbie: kupelekwa nchi ya tatu ni huduma ya bure na hainunuliwi kwa cheti. Ukikutana na watu wa namna hiyo, toa taarifa kwa RWC wa kijiji chako, polisi au ofisi ya ulinzi.

Kina dada, tunawasisitiza ninyi hasa. Katika nyumba nyingi ni ninyi mnaotumwa kuwasomea mama na bibi ujumbe wa simu. Mnajua tayari watu wanakwama wapi. Msiache kazi hii ionekane kuwa ya wavulana.

Ndugu msomaji, wiki hii chukua karatasi na kalamu. Mtazame mtu mmoja akitumia simu, bila kumsaidia, na uandike mahali anapokwama. Ukishapata karatasi tano za namna hiyo, zilete kituo cha jamii tuzisome pamoja.

Ukimaliza kusoma, mpe jirani karatasi hii. Kama hajui kusoma, msomee.