Udhuru wa Mla Rushwa

Wahenga walisema, "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua." Binadamu naye, akitenda jambo baya, hutafuta la kusingizia. Lakini wataalamu wawili wa Marekani, Gresham Sykes na David Matza, walieleza katika mwaka wa 1957 ya kuwa kisingizio hakifuati kosa tu. Mara nyingi hulitangulia, kikamfungulia mtu mlango wa kulitenda. Wao walizungumzia makosa ya vijana, wakataja namna tano za udhuru. Namna hizo zaonekana wazi pia katika rushwa, kosa linalofahamika sana nchini Kenya.

Namna ya kwanza ni kuikataa lawama. Karani apokeaye rushwa husema, "Mshahara hautoshi, ningefanyaje?" Ya pili ni kukana madhara: "Hii ni chai tu, hapana aliyeumia." Ndiyo maana rushwa ikaitwa "kitu kidogo", kwa kuwa jina dogo hulifanya kosa nalo lionekane dogo. Ya tatu ni kumlaumu aliyedhulumiwa: "Tajiri yule naye ni mnyonyaji, amestahili." Ya nne ni kuwageukia wanaokaripia: "Wakubwa wenyewe wanakula zaidi." Ya tano ni kujificha nyuma ya wajibu mwema: "Ninawasomesha watoto wa ndugu yangu."

Udhuru wa namna hii hudanganya kwa sababu aghalabu una chembe ya kweli. Mshahara waweza kuwa mdogo, na wakubwa waweza kuwa wezi. Lakini hayo hayamwondolei hasara mjane aliyeketi mlangoni tangu asubuhi, na faili lake likawekwa chini ya mengine kwa kuwa hakuwa na cha kutoa.

Mtoaji naye hujitetea kwa mithali, akisema, "Mkono mtupu haulambwi." Sheria haimsikilizi. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka wa 2016 juu ya hongo, mtoaji na mpokeaji wote wawili wana hatia, na kifungo chaweza kufika miaka 10.

Kutofautisha sababu na kisingizio si kazi ngumu. Mtu na ajiulize kama angeukubali udhuru huo huo kutoka kwa mwingine, siku ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeketi mlangoni akingoja haki yake.