Likizo ya uzazi: Siku zimeongezeka, nani anazilipia?

CHUKULIA vijana wawili, mawakala wa forodha pale Namanga. Kazi yao ni moja: kushughulikia nyaraka za malori yanayovuka mpaka. Mmoja ameajiriwa na kampuni ya upande wa Kenya, mwenzake na kampuni ya upande wa Tanzania. Wiki moja wake zao wanajifungua.

Yule wa Kenya ana haki ya kukaa nyumbani wiki mbili kwa mshahara kamili. Wa Tanzania, kwa kanuni ya kawaida, ana siku tatu, na lazima azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Akirudi kazini, mwenzake ng'ambo ya geti bado anabembeleza mtoto.

Hiyo ndiyo hali ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Soko la Pamoja lilianza Julai 2010, na Ibara ya 12 ya itifaki yake inazitaka nchi wanachama zioanishe sera na sheria za kazi. Wafanyakazi wanavuka mipaka, lakini haki zao zinabadilika kila wanapogonga muhuri.

Kwa akina mama, tofauti ni ndogo kidogo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inatoa miezi mitatu. Tanzania Bara, sheria ya 2004 inatoa siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Uganda ni siku 60 za kazi, yaani wiki 12 kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki. Kongo ni wiki 14, ila kwa theluthi mbili ya mshahara.

Sheria hizi hazijasimama. Mwaka 2021 Kenya iliongeza likizo ya mwezi mmoja kwa anayepokea mtoto wa kuasili. Mwanzoni mwa 2025 Tanzania ilirekebisha sheria ili mama aliyejifungua mtoto njiti aongezewe muda. Rwanda nayo, kwa mabadiliko ya 2023, imetoka wiki 12 hadi 14.

Wengi wakisikia habari hizi huhesabu siku. Mwajiri huhesabu fedha. Na hapo ndipo penye mzizi wa jambo.

Kenya, Uganda na Tanzania Bara, sheria inamtaka mwajiri amlipe mama mshahara wakati wa likizo. Benki yenye watumishi elfu moja haitatetereka. Lakini duka la dawa lenye watumishi wanne litamlipa aliye likizo na pia anayeshika nafasi yake kwa muda. Mwenye duka hatasema hadharani kwamba anakwepa kuajiri wanawake vijana. Atasema tu nafasi imeshajazwa.

Haki iliyoandikwa kumlinda mwanamke inaweza hivyo kumfungia mlango kabla hajaingia kazini. Kumwachisha kazi kwa sababu ya ujauzito ni kosa. Tanzania sheria inahesabu moja kwa moja kuwa si halali. Ila ni vigumu kumshitaki mtu kwa barua ya ajira ambayo hakuiandika.

Rwanda ilipita njia nyingine. Zamani mama alilipwa kikamilifu wiki sita za kwanza. Akitaka sita zaidi, alipata asilimia 20 tu ya mshahara. Sheria ya 2016 ikaanzisha mfuko wa uzazi chini ya Bodi ya Hifadhi ya Jamii, RSSB. Mfanyakazi anachangia asilimia 0.3 ya mshahara, mwajiri asilimia 0.3. Wiki sita za kwanza ni za mwajiri. Zinazofuata ni za mfuko.

Wanachangia wote, wanaume kwa wanawake, wenye watoto na wasio nao. Kwa mpango huo, mwenye duka haoni tena ujauzito kama hasara yake peke yake. Ndivyo unavyotaka pia Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000: angalau wiki 14, zilipwe kwa bima ya jamii au fedha za umma, si na mwajiri mmoja mmoja.

Mfuko hauponyi kila kitu. Mama lishe na kibarua wa shambani hawana hati ya mshahara ya kukatwa mchango, na hao ndio wengi katika ukanda wetu. Lakini ni mwanzo unaoeleweka.

Wakati huo mwenye kampuni inayofanya kazi nchi mbili afanye mambo matatu. Asome sheria ya mahali mfanyakazi anapofanyia kazi, si ya makao makuu. Aweke fungu la likizo ya uzazi kwenye bajeti kila mwaka. Na akumbuke haki haiishii kwenye likizo: Tanzania, anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi.

Wajibu mkubwa zaidi ni wa serikali zetu. Kuongeza wiki kwenye karatasi ni rahisi, na hushangiliwa Mei Mosi. Swali la kupeleka Arusha, makao ya Jumuiya, ni nani atazilipia wiki hizo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mpaka sasa mzigo huu tumemwachia mwajiri mmoja, na anaoutuia ni mwanamke anayetafuta kazi.