Vyama Vikubwa Vikiungana, Nani Atahoji?

Mkulima wa ndizi wa Matombo, huku katika milima ya Uluguru, anapofikisha mikungu yake gulioni, kinga yake ni kwamba wanunuzi ni zaidi ya mmoja. Huyu akitaja bei ya kuumiza, atamwendea yule. Wanunuzi wakubwa wawili wakipatana pembeni, gulio litatulia kweli, lakini mkulima hatakuwa na pa kukimbilia.

Hiyo ndiyo hatari ya serikali ya mseto inayoviunganisha vyama viwili vikubwa.

Hatusemi kwamba mseto ni kitu kibaya. Nchini Kenya, watu zaidi ya 1,100 waliuawa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na makubaliano ya Mwai Kibaki na Raila Odinga ya tarehe 28 Februari 2008 ndiyo yaliyouzima moto ule. Lakini gharama yake ilionekana mara: baraza la mawaziri 40, na Bunge lisilo na kambi rasmi ya upinzani.

Zanzibar nako, katika kura ya maoni ya Julai 31, 2010, asilimia 66 ya wapiga kura waliikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Uchaguzi wa Oktoba mwaka huo ulipita kwa amani, ingawa Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM alimshinda Maalim Seif Shariff Hamad wa CUF kwa tofauti ndogo sana. Hata hivyo, Baraza la Wawakilishi lilibaki na vyama hivyo viwili tu, na vyote vilikuwa serikalini.

Je, mwenye manung'uniko angempelekea nani? Mwaka 2012, wengi waliokuwa na hoja juu ya Muungano waliifuata Jumuiya ya Uamsho nje ya vyama, na mji wa Unguja ukakumbwa na ghasia. Ujerumani nayo, baada ya vyama vikuu viwili kutawala pamoja tangu 2013, chama cha mrengo mkali wa kulia cha AfD kilipata asilimia 12.6 ya kura mwaka 2017. Mseto ulipoundwa tena mwaka 2018, AfD ikawa ndiyo kambi kubwa ya upinzani bungeni.

Isitoshe, mseto hauondoi ushindani bali huuahirisha. Uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 2015 ulifutwa, CUF ikasusia marudio ya Machi 2016, na umoja ule ukavunjika. Ulirejea Desemba 2020, safari hii CCM ikiwa na ACT-Wazalendo.

Kwa hiyo, viongozi wanapopeana mikono, mwananchi ashangilie amani, kisha aulize maswali mawili. Nani atakagua hesabu za serikali hiyo? Na asiyeridhika atampigia nani kura? Yasipojibiwa, wenye hasira watajitafutia mnunuzi wao nje ya gulio.