Mgomo wa Madereva: Unatoka Wapi, na Unatugusaje?



Mara kwa mara redio hutuletea habari kwamba madereva wa mabasi na daladala wanatishia kugoma. Tukisikia hivyo hapa Kisondela, wengine wetu tunasema, "Aa, hayo ni mambo ya watu wa mjini." Je, ni kweli? Hebu tuyatazame pamoja.

Mgomo ni nini?

Mgomo ni wafanyakazi kuacha kazi kwa pamoja kwa muda, ili mwenye kazi asikilize madai yao. Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1960, kabla ya Uhuru, wafanyakazi wa reli wa Tanganyika waligoma kwa siku 82. Walikuwa na chama chao, na walijua wanadai kwa nani.

Mgomo wa madereva wa siku hizi ni wa namna nyingine. Tuchukue mfano wa mwaka 2015.

Mambo yalivyokuwa mwaka 2015

Ijumaa tarehe 10 Aprili 2015, watu wa Dar es Salaam na miji mingine waliamka wakakuta hakuna magari. Madereva walikuwa wamegoma. Walikataa sharti la kurudi chuoni kusoma kila wanapotaka leseni mpya, na tena kwa gharama yao. Walilalamikia pia faini nyingi za barabarani.

Pale stendi ya Ubungo abiria walikaa na mizigo yao wasijue la kufanya. Wafanyakazi walikwenda kazini kwa miguu. Wengine walipanda malori. Bodaboda na bajaji zikapandisha bei. Polisi walipiga mabomu ya machozi. Aliyekuwa Waziri wa Kazi na Ajira, Gaudensia Kabaka, akaenda kuzungumza na madereva, na magari yakarudi barabarani.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Jumatatu tarehe 4 Mei 2015 madereva waligoma tena. Safari hii dai kubwa lilikuwa moja: mikataba ya ajira. Serikali ikaunda kamati ya kushughulikia madai yao.

Kwa nini mkataba?

Tukipanda gari tunamwona dereva ameshika usukani, tunadhani yeye ndiye mkubwa. Kumbe mara nyingi gari si lake, na mshahara hana. Mwenye gari anampa gari alfajiri, na jioni anataka "hesabu", yaani kiasi cha fedha walichopatana kwa siku.

Tufanye mfano wa namba, mfano tu. Mwenye gari anataka shilingi 60,000 kwa siku. Mafuta ni shilingi 70,000. Siku nzima dereva na konda wamekusanya shilingi 150,000. Toa 60,000, toa 70,000, zinabaki 20,000. Hizo ndizo wanagawana wao wawili. Wakitozwa faini, inatoka humo humo.

Kesho yake mvua inanyesha, abiria ni wachache, wanakusanya shilingi 120,000. Hesabu na mafuta ni 130,000. Wamepungukiwa 10,000. Nani anazilipa? Si mwenye gari. Ni dereva na konda.

Sasa tunaelewa kwa nini gari linakimbizwa, na kwa nini tunabanwa watano kwenye kiti cha watu wanne. Hatusemi kwamba ni vizuri, maana ajali zinatumaliza. Tunasema kwamba mwendo ule una sababu, na sababu ni hesabu ya jioni.

Tena wapo wanaoitwa deiwaka. Hao hupewa gari siku mbili tatu tu, dereva mwenyewe akipumzika. Deiwaka akiugua au akivunjika mguu, hakuna anayemjua.

Sheria inasemaje?

Tanzania ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Sheria hiyo inampa mfanyakazi haki ya kugoma, lakini kwa utaratibu. Haki hiyo ni kwa madai ya maslahi, kama vile nyongeza ya mshahara. Kwanza, mgogoro upelekwe kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Tume ina siku 30 za kusuluhisha. Pili, wakishindwa kupatana, wafanyakazi wapige kura, na walio wengi wakubali. Tatu, mwajiri apewe taarifa saa 48 kabla ya mgomo kuanza.

Anayegoma kwa kufuata njia hii hawezi kufukuzwa kazi kwa sababu ya mgomo. Ila mwajiri halazimiki kumlipa kwa siku alizogoma.

Sheria inawazuia baadhi ya watu kugoma, kwa mfano watu wa maji, umeme, hospitali na zimamoto. Usafiri unaohitajika ili huduma hizo zifanyike nao umo. Mabasi ya kawaida ya abiria hayamo katika orodha hiyo.

Sasa angalieni jambo lenyewe. Njia hii ni ya mfanyakazi na mwajiri. Dereva wa hesabu hana karatasi inayoonyesha nani mwajiri wake. Aende kwenye Tume amshtaki nani? Ampe nani taarifa ya saa 48? Basi wanaambiana usiku kwa simu, na asubuhi hakuna gari. Anayeumia kwanza si mwenye gari wala mkubwa wa ofisi. Ni abiria aliyesimama kituoni.

Kwa hiyo mkataba wa dereva ni faida yetu pia. Penye mkataba, ugomvi una mahali pa kwenda, na sisi tunapata siku za kujiandaa. Pasipo mkataba, mgomo unakuja kama mwizi.

Je, hapa Kisondela unatugusa?

Tufuate mkungu wa ndizi. Unatoka shambani kwa kichwa au kwa bodaboda mpaka Tukuyu. Pale unapakiwa kwenye gari la Uyole na Mbeya mjini, safari ya kama kilometa 70. Mjini, mama muuza ndizi anaungoja. Naye anategemea daladala kumfikisha sokoni Mwanjelwa, na wateja wake wanategemea daladala kurudi nyumbani.

Magari ya mjini yakisimama siku moja, wateja hawaji. Mama hana fedha ya kununua mzigo wa kesho. Mchuuzi wa Tukuyu anapunguza bei, na anayepunguziwa ni mkulima. Ndizi zinaiva, maziwa yanaganda. Parachichi lililokwisha chumwa halirudi mtini.

Liko kubwa kuliko ndizi. Mgonjwa akishindikana Hospitali ya Makandana, anapelekwa Mbeya. Gari la wagonjwa likimchukua, ndugu wa kumtunza wanafuata kwa basi. Siku ya mgomo watafuata kwa nini?

Tufanye nini?

Tukisikia redioni habari za mgomo, tusichume mzigo mwingi kwa siku hiyo. Tumpigie simu mnunuzi kwanza.

Mwenye tarehe ya hospitali au ya mtihani Mbeya asingoje asubuhi yake. Akiweza, aondoke siku moja mbele, alale kwa ndugu.

Bodaboda tupatane bei kabla ya kupanda. Juu ya mzigo wa lori tusipande hata tukichelewa.

Wakulima wa kitongoji kimoja wanaweza kuchanga fedha na kukodi gari moja la mzigo. Mtu mmoja hawezi, lakini kumi wanaweza.

Na kama kati yetu yupo aliyenunua Noah au Hiace na kumpa kijana wa jirani aendeshe, aandikiane naye mkataba. Waandike mshahara, saa za kazi, na nani analipa akiugua. Sisi tuliojifunza kusoma na kuandika tukiwa watu wazima tunajua karatasi ina kazi gani. Neno la mdomo linasahauliwa, la karatasi linabaki.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Je, katika kijiji chetu wapo vijana wanaoendesha magari au bodaboda kwa hesabu? Wana mikataba?

2. Magari yakisimama siku tatu, ni mazao gani yetu yataharibika kwanza? Tunaweza kuyafanya nini?

3. Nani kati yetu anaweza kukusanya majina ya wanaotaka kuchangia gari la mzigo?