Ragbi ya watu saba ao ya watu kumi na tano: gani inastahili wakati wetu?

Mara mingi mu ukurasa huu tunaongea mambo ya mushahara, ya konji, ya viatu vya kazi na ya lopitalo. Leo tunaongea muchezo. Lakini mutaona, mambo ya kazi itarudi yenyewe, hatuna hata lazima ya kuiita.

Tangu televizyo za satelite ziliingia mu makambi na mu makartye, watu wa migodi hawaangalie tena paka futbol. Siku ya Posho, wale wanaotoka ku posti ya asubui wanakaa mbele ya ragbi, na mabishano inaanza. Wamoja wanasema ragbi ya watu saba njo tamu, juu inakimbia na inaisha haraka. Wengine wanajibu kama ile haiko ragbi, iko mbio ya watu wenye kubeba mpira. Tena kuko sababu ingine ya kuandika: vijana wa kambi wanatuuliza, sisi wa sendika, kama wanaweza kupata muchezo wa pili pembeni ya futbol. Kiwanja kiko paka kimoja. Kwa hiyo inafaa kujua tunachagua nini.

Kiwanja kimoja, kazi mbili

Kwa wale ambao hawajui bado: ragbi yote mbili inachezewa ku kiwanja cha namna moja, metre 100 kwa urefu kutoka mustari moja wa ese mupaka mwingine, na karibu metre 70 kwa upana. Mpira iko ile ile yenye kufanana na yai. Mutu anakimbia nao, ao anaupiga teke, ao anaupatia mwenzake. Lakini kwa mukono, mpira unaenda pembeni ao nyuma, haiwezekane kuutupa mbele. Ukiufikisha nyuma ya mustari wa wengine na kuugusisha chini, hiyo njo ese, pointi 5. Kisha ese unapiga teke. Mpira ukipita katikati ya milingoti, unaongeza 2. Penalti yenye kupita inaleta 3.

Sasa tofauti. Mu ragbi ya kumi na tano wanacheza dakika 80, ni kusema 40 mara mbili, na ekipe iko na watu 8 wa kubadilisha. Mu ragbi ya saba wanacheza dakika 14, ni kusema 7 mara mbili, wanapumuzika dakika 2 katikati, na watu wa kubadilisha wako 5. Mele, ile kazi ya kuinama na kusukumana, mu kumi na tano iko watu 8 kwa 8; mu saba iko 3 kwa 3 na inaisha bila kukawia. Karte ya manjano inakutoa dakika 10 upande moja, na dakika 2 upande wa pili. Dakika 2 inaonekana kidogo, lakini mu mache ya dakika 14 ni sehemu moja ya saba, na unaacha wenzako 6 mu kiwanja kizima.

Fanyeni hesabu, sawa vile tunafanyaka hesabu ya bulletin ya mushahara. Metre 100 mara 70 inakuwa metre za mraba 7,000. Kukiwa watu 30 ndani, kila mumoja anapata karibu 233. Kukiwa watu 14, kila mumoja anapata 500. Njo maana macho inaona kintu tofauti. Mu saba kuko nafasi kila pahali. Mutu mumoja akikosa kukamata mwenzake, njia inafunguka mupaka mwisho. Mu kumi na tano nafasi haiko. Lazima kuitafuta kwa nguvu, kwa kusukuma, kwa kurudilia mara kumi, mara makumi mbili, mupaka ukuta upasuke.

Siku mbili ku Stade de France

Tuchukue mache mbili zenye zilichezewa ku kiwanja kimoja, Stade de France, pembeni ya Paris, na katikati yao miezi tisa tu.

Ya kwanza ni finali ya Kombe la Dunia ya watu kumi na tano, tarehe 28 Oktoba 2023. Afrika ya Kusini 12, Nyuzilandi 11. Afrika ya Kusini hawakufunga hata ese moja. Pointi zote 12 zilitoka ku penalti ine za Handré Pollard. Kapiteni wa Nyuzilandi, Sam Cane, alipata karte nyekundu, na wenzake wakamaliza wakiwa 14. Hata vile, njo wao walifunga ese moja tu ya siku ile. Mutu mwenye hajue ragbi akisoma hiyo, atasema: dakika 80, ese moja, kuko nini ya kuangalia? Lakini wenye waliona wanajua. Afrika ya Kusini walikuwa wameshinda Ufaransa 29 kwa 28, kisha Uingereza 16 kwa 15, na sasa 12 kwa 11. Mache tatu, kila moja kwa pointi moja. Ku mwisho, Cheslin Kolbe alitolewa na karte ya manjano, akakaa ku kiti pembeni ya kiwanja, akajifunika uso na jezi yake. Hakuweza kuangalia. Mutu mwenyewe wa kazi ile alishindwa kuangalia! Hiyo njo kumi na tano: inakaza moyo polepole sawa bulon, mupaka dakika ya mwisho.

Ya pili ni finali ya Michezo ya Olimpiki, watu saba, tarehe 27 Julai 2024. Ufaransa 28, Fiji 7. Fiji walikuwa wameshinda mu 2016 ku Rio, 43 kwa 7 mbele ya Uingereza, na hiyo ilikuwa medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki mu historia ya inchi yao. Walirudia ku Tokyo. Mu mashindano ya Olimpiki walikuwa hawajashindwa hata mara moja. Ku Paris walifunga wa kwanza. Ku mapumziko ilikuwa 7 kwa 7. Kisha Antoine Dupont akaingia. Mara ya kwanza aligusa mpira, alikimbia pembeni ya mustari, akamupatia Aaron Grandidier Nkanang, ese. Kisha yeye mwenyewe akafunga mbili. Ese tano mu dakika 14! Ukienda kuchota maji unarudi, medali imeisha kutolewa.

Gani ilikuwa nzuri zaidi? Sisi tunaona kama kila moja inaomba macho yake. Mu saba hauna lazima ya kujua sheria. Mutoto wa miaka sita anaelewa, juu anaona mutu anakimbia na wengine wanamufuata. Mu kumi na tano lazima mutu akufundishe mara ya kwanza. Bila hiyo, unaona paka lundo la watu na mwamuzi anapiga firimbi, hauelewe juu ya nini.

Kazi yenye haionekane

Hapa mufanyakazi wa mugodi iko na faida kuliko watu wengine. Sisi tunajua kama kazi kubwa haionekane. Watu wanaona plake za mukuba zenye kungaa zikipanda ku kamyo. Hawaone mwenye alisimamisha miti ndani ya shimo, wala mwenye aliondoa maji. Mu ragbi ya kumi na tano, wale wanane wa mbele njo watu wa shimoni. Wanasukuma, wananyanyua, wanafukua mpira chini ya miguu, na mara nyingi jina lao halisemwe ku televizyo. Mule mu nusu-finali na Uingereza, Afrika ya Kusini walikuwa nyuma 15 kwa 6. Wale wa mbele waliingia kutoka ku banki, mele ikaanza kusonga, penalti zikafuata, na teke la Pollard la mbali sana likamaliza kazi. Teke njo liliandikwa, lakini mele njo ililipa.

Haiko ajabu basi kama muchezo huu ulishika mizizi mu mabonde ya makaa ya Wales, fasi wachimbaji walikuwa wanatoka shimoni na kuingia ku kiwanja. Na haiko mbali na kwetu. Vuka paka Kasumbalesa, uingie Copperbelt ya Zambia: miji ya migodi kule iko na vilabu vya ragbi tangu zamani, na kimoja cha Kitwe kinaitwa Diggers, ni kusema Wachimbaji. Ku Luanshya, klabu ya Roan Antelope ilikuwa na milingoti ya zaidi ya metre 33, yenye iliandikwa wakati ule kuwa mirefu kuliko yote duniani. Mashirika ya mukuba hayakukosa chuma.

Nani analipa ile siku ya Posho?

Ragbi ya saba ilianza ku Melrose, muji mudogo wa Uskoti, mu 1883. Ned Haig, muuzaji wa nyama, alitoa wazo juu klabu yake ilikosa makuta. Mashindano ya siku moja, ekipe mingi, mache fupi, watu wanalipa mulangoni. Kwa hiyo ile ya saba tangu mwanzo ilitengenezwa kwa ajili ya wenye kuangalia.

Miaka 12 kisha, ku kaskazini ya Uingereza, kulikuwa shida ingine. Wachezaji wengi walikuwa wafanyakazi wa migodi na wa viwanda, na siku ya Posho asubui walikuwa ku kazi. Kwenda kucheza ilikuwa kupoteza mushahara. Vilabu viliomba ruhusa ya kuwalipa ile sehemu iliyopotea. Wakubwa wa ragbi walikatala. Tarehe 29 Agosti 1895, ku Huddersfield, vilabu zaidi ya 20 vilijitenga na kufanya shirikisho lao. Mu 1906 wakapunguza ekipe mupaka watu 13, ili muchezo ufunguke na watu wapende kuangalia. Wale wengine walikubali kulipa wachezaji wazi wazi paka mu Agosti 1995, miaka mia moja kisha. Miaka mia! Tunasoma hiyo na tunajua ile namna ya kujibu, tuliisikia ku meza zingine.

Na hapa njo fasi tunaomba musikilize muzuri. Ukipunguza watu kutoka 15 mupaka 7 ku kiwanja kile kile, kila mumoja anakimbia zaidi. Wenye kuangalia wanapiga mikono, lakini mapafu njo yanalipa. Wenye walitengeneza ragbi ya saba walielewa hiyo: walipunguza watu, wakapunguza pia dakika, kutoka 80 mupaka 14. Ni mupango wa haki. Kwetu, tumeona posti zenye zilikuwa na watu kumi zikibakia na watano ao sita, lakini masaa haikupunguka hata moja, na kazi ya kutoa haikupunguka. Muchezaji wa saba akichoka anatoka. Mutu wa mugodi akichoka anaanguka. Mwenye anataka kufananisha ekipe za kazi na ekipe za michezo, afananishe yote, na saa pia.

Lakini tuseme kweli yote: ragbi ya saba nayo haiko nyepesi. Mache iko fupi, lakini mu mashindano ekipe inacheza mbili ao tatu kwa siku, na kesho inarudia.

Basi tuchague nini?

Kwa kuangalia, tunasema hivi. Kama uko na posti ya usiku na unataka kulala, angalia saba: utapata mwanzo, katikati na mwisho mbele ya usingizi. Kama uko na jamaa nzima na watoto, vilevile saba, juu kila dakika makumi mbili kuko ekipe mupya. Tena kule wadogo wanaweza kushinda wakubwa. Mu 2016 Kenya walibeba Singapore kwa kupiga Fiji 30 kwa 7. Kombe la Dunia la kumi na tano, tangu 1987 mupaka 2023, limezunguka paka mu inchi ine. Lakini kama ni siku ya kupumuzika, na kuko muzee pembeni wa kukueleza mele, usikose kumi na tano. Utatoka umechoka sawa umesukuma nao.

Kwa kucheza, vijana wetu, tunaona saba njo inawezekana. Kupata watu 12 haiko nguvu. Kupata 23 wenye kuwa na konji siku moja, hiyo haiwezekane mu migodi. Lakini kiwanja chetu iko udongo mugumu na mawe. Kuangusha mutu pale ni kumuvunja. Kwa hiyo muanze na ile ya kugusana bila kuangushana, wasichana na wavulana, mupaka tupate majani. Majani, maji ya kuyanywesha, na muuguzi pembeni ya mustari: tumeongeza hayo matatu ku liste ya maombi. Wazazi, muwaulize madelege wenu liste imefika wapi.